Issuna: Vita Vilipopita, Njaa Ikabaki

Ukipanda basi Manyoni kuelekea Singida, baada ya kilometa 50 na kitu unafika Issuna. Kijiji hiki kiko katika Wilaya ya Ikungi, na kutoka hapo hadi Singida mjini zinabaki kilometa kama 60. Kuku wa Singida wana sifa nchi nzima, na asali yake vilevile. Pembeni ya barabara ni mashamba ya alizeti, mtama na uwele, na nyuma yake vichaka vya miiba na mawe makubwa yaliyolala kama ng'ombe wanaocheua. Mvua za huku ni za msimu mmoja tu kwa mwaka. Zikikosekana kati ya Desemba na Aprili, hakuna nyingine za kufidia.

Abiria wengi hupita hapa wakisinzia. Nawaomba akina mama wenzangu tushuke, tukae kivulini kidogo, kwa sababu nchi hii ina habari ambayo haisimuliwi mara nyingi. Ni habari ya miaka minne, kuanzia 1916 hadi 1920, ambapo jeshi la wageni liliitwaa nchi kutoka kwa jeshi la wageni wengine, likaitawala kama mali iliyotekwa, na akina mama ndio waliotakiwa kutafuta cha kutia chunguni. Vitabu vya shule vya watoto wetu vinataja majina ya majenerali. Chungu hakitajwi.

Wanyaturu hawakuwapokea Wajerumani kwa vigelegele. Mpaka leo Singida husimuliwa habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani kwa msaada wa nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini umepewa jina lake. Lakini mpaka vita vikuu vya kwanza vinaanza mwaka 1914, utawala wa Wajerumani ulikuwa umekwisha kukita mizizi. Kusini ya Issuna, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, walikuwa na kituo chao cha kijeshi cha Kilimatinde. Chini yake ilipita reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Kaskazini walikuwa na boma Singida. Issuna iko katikati.

Aprili 1916 jeshi la upande wa Waingereza, ambalo askari wake wengi walikuwa makaburu wa Afrika ya Kusini wakiongozwa na Jenerali Van Deventer, liliteka Kondoa Irangi. Masika yakalifungia huko. Njia ziligeuka tope, chakula kutoka nyuma hakikufika, farasi walikufa kwa wingi kwa ugonjwa, na askari wakaishi kwa kula cha wenyeji. Mvua zilipokatika wakashuka kusini, na mwishoni mwa Julai wakaingia Dodoma na Kilimatinde. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini na magharibi, wakivunja madaraja ya reli nyuma yao. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji kutoka Kongo wakaingia Tabora. Kwa watu wa Singida na Manyoni mapigano makubwa yalikuwa yamekwisha. Kwa maofisa, kazi iliyobaki ilikuwa kutawala.

Nchi iliyotekwa haikuwa koloni bado, wala haikuwa ya Wajerumani tena. Mwanzoni mwa 1917 Waingereza walimweka Horace Byatt kuwa msimamizi wa sehemu iliyokwisha kutekwa, makao yake yakiwa Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Vita viliendelea kusini hadi Novemba 1918. Mkataba wa amani wa Versailles ulianza kutumika Januari 1920, na jina la Tanganyika likatangazwa mwaka huohuo. Katikati ya tarehe hizo, mtu wa Issuna alitawaliwa na serikali ambayo yenyewe ilikuwa ikingoja kuambiwa kama itabaki.

Sasa tuingie jikoni.

Zamani zile Mnyaturu aliishi katika tembe, nyumba ndefu yenye paa la udongo. Mwenye wake zaidi ya mmoja alitakiwa kumpa kila mke nyumba yake na shamba lake, na nafaka ya nyumba moja haikuchanganywa ovyo na ya nyumba nyingine. Ng'ombe walilala nyumbani, na samadi yao ndiyo iliyorutubisha mashamba ya uwele na mtama yaliyozunguka boma. Ardhi ya Unyaturu imechoka na ni ya kichanga pengi; bila samadi haitoi kitu cha maana. Kwa hiyo ng'ombe hakuwa nyama wala mahari peke yake. Alikuwa mbolea ya mwakani, maziwa ya mtoto wa leo, na akiba ya kubadilisha kwa nafaka mvua ikikataa.

Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe. Wajerumani walichukua wakienda zao na Waingereza wakachukua wakiingia. Yote mawili yalichukua nafaka pia, maana askari na wapagazi wao walihesabika kwa maelfu na walikula kila siku. Waliolipwa walilipwa kwa bei ya mnunuzi, na wengine walipewa karatasi. Mama yeyote anayesoma haya anajua tofauti kati ya kuuza debe tatu za ziada na kuuza kihenge kizima. Anajua pia kwamba katika kihenge kuna safu ya chini isiyoguswa, nayo ni mbegu. Jeshi lenye njaa halitofautishi mbegu na chakula.

Nasema hivi nikiwa na walanguzi wa siku zetu akilini. Wanafika Mei na Juni na malori yao, wakati familia inadaiwa ada na nauli, wanapakia alizeti na mtama wote, na ikifika Januari mama huyohuyo ananunua unga dukani kwa bei mara mbili. Hakuna bunduki hapo, na ni sisi wenyewe tunaofunga magunia. Lakini kihenge kitupu ni kihenge kitupu.

Pamoja na nafaka waliondoka wanaume. Vita vya Afrika ya Mashariki havikupiganwa kwa magari. Risasi, unga na mizinga vilibebwa kichwani. Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, kutoka nchi zetu zote za Afrika ya Mashariki na jirani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndicho kilichotupa jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Wanahistoria hukadiria kwamba watu karibu 100,000 hawakurudi. Wachache sana kati yao walikufa kwa risasi. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu, na sababu moja kubwa ilikuwa chakula chenyewe. Watu waliozoea ugali wa uwele au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka jioni baada ya mwendo wa siku nzima, kuni zikiwa mbichi na sufuria moja ya watu wengi. Unga usioiva ulichana matumbo. Hili jambo ambalo bibi yeyote angelieleza kwa dakika moja, madaktari wa jeshi walilitambua baada ya maelfu kuzikwa.

Nyumbani mke hakuletewa barua. Hakukuwa na orodha kamili ya majina, na mishahara mingi ya marehemu haikuwahi kudaiwa kwa sababu hakuna aliyejua imlipwe nani. Mwanamke alikaa akisubiri, si mke si mjane. Ndugu wa mume wangeweza kumrithi kama angejulikana kuwa mjane. Wazazi wake wangeweza kumrudisha kama angejulikana kuwa ameachwa. Yeye hakuwa upande wowote, na shamba lilitaka jembe.

Hata fedha iliwageuka. Wakati wa Mjerumani watu walizoea rupia na heli. Vita vilipofunga bahari, Wajerumani walichapisha noti za dharura humu humu nchini, na mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora wakagonga sarafu za shaba za heli 20, na hata chache za dhahabu zenye picha ya tembo. Noti zile, serikali iliyozitoa ilipoondoka, zilibaki karatasi. Waingereza walileta rupia ya Kihindi, kisha mwaka 1920 wakaleta florini, na mara baada yake shilingi tuliyonayo mpaka leo. Mama aliyekuwa ameficha noti chache katika ukuta wa tembe ili amnunulie mwanawe nguo alijikuta na kitu cha kuwashia moto.

Halafu mbingu ikafunga. Mvua za msimu wa 1918 hadi 1919 zilishindwa, na zilishindwa juu ya nchi ambayo ng'ombe wake, mbegu zake na vijana wake walikwisha kuchukuliwa. Hapo ndipo pa kuangalia sana. Watu wa Tanganyika ya kati waliujua ukame tangu enzi na walikuwa na njia zao za kuukabili: nafaka ya miaka miwili katika kihenge, mifugo ya kubadilisha, undugu na watu wa mbali wenye mvua tofauti. Ukame wa safari hii haukuwa mkali kuliko yote. Ulikuta zana za kupambana nao zimevunjwa.

Majirani zetu Wagogo waliipa njaa ile jina la Mtunya, yaani kinyang'anyiro. Ilianza kuwabana 1917 na haikuwaachia mpaka 1920. Katika Wilaya ya Dodoma peke yake watawala walikadiria kwamba watu 30,000 walikufa kati ya 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Nyumba ya baba, mama na watoto watatu, toa mmoja. Na ndani ya kipindi hichohicho, mwishoni mwa 1918, ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Ilisafiri na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi, kwa meli, kwa reli na kwa miguu. Katika Tanganyika huenda iliua watu kati ya 50,000 na 80,000, na tofauti na mafua ya kawaida iliwapenda zaidi watu wazima wenye nguvu, wale hasa waliohitajika shambani. Msaada wa serikali ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na haja.

Nchi yetu ina neno moja ambalo Kiswahili cha mjini kimeanza kulisahau: kuhemea. Ni kusafiri kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine, kwa kununua, kwa kubadilisha, kwa kufanya kibarua au kwa kuomba. Katika njaa ile watu walihemea kwa mwendo wa siku nyingi, wakipita katika nchi kama hii ya Issuna iliyoko kati ya Ugogo na Unyaturu, wakitafuta yeyote aliyebakiwa na debe. Njiani walikula ubuyu, majani ya mlenda, mizizi na matunda ya porini. Wanawake ndio waliojua mzizi gani unalika na upi unataka kuchemshwa mara tatu kwanza ukamwage maji yake. Ujuzi huo haukuandikwa na mtu yeyote, na ulibeba nyumba nyingi kuliko gunia lolote la serikali.

Pale ambapo hapakubaki mbuzi wala shanga, familia ziliweka watoto rehani. Ninaandika maneno haya polepole. Mtoto, mara nyingi wa kike, alipelekwa kwa mtu mwenye nafaka, akakaa huko akifanya kazi, na wazazi wakarudi na chakula kwa matumaini ya kumkomboa mvua zikirudi. Tusiwahukumu haraka. Mtoto aliyewekwa rehani alikula. Ndugu zake waliobaki walikula kwa sababu yake. Lakini ni mama gani aliyelala usingizi usiku ule?

Wasomaji wa Biblia mtakumbuka kwamba jambo hili limeandikwa. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tano, watu wa Yuda waliokuwa chini ya mfalme wa kigeni walikuwa wamekwisha kuweka rehani mashamba na nyumba kwa ajili ya nafaka na kodi, na sasa walikuwa wakiwatoa wana na binti zao. Mwandishi ameona vyema kutaja kwamba waliolia hawakuwa wanaume peke yao. Wake zao walilia pamoja nao. Na Nehemia hakuwaambia akina mama wavumilie. Alikasirika, akawaita wakubwa, akawabana mbele ya mkutano warudishe. Mimi nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya ukuta wa Nehemia, na machache sana juu ya sura hiyo ya tano.

Ili tusidhani kwamba utawala wa jeshi lililoshinda lazima uwe vile, na ili tusidhani pia kwamba kwingine ulikuwa raha, tuangalie Japani. Nchi ile ilisalimu amri Agosti 1945, ikakaliwa na majeshi yaliyoongozwa na Marekani hadi Aprili 1952. Miji ilikuwa imeungua kwa mabomu na chakula cha mgao hakikutosha. Akina mama wa Tokyo walipanda treni zilizojaa kwenda vijijini, mikononi wamebeba kimono zao za arusi, wakabadilishe kwa viazi vitamu. Huko nako ni kuhemea tu, kwa lugha nyingine. Wenyewe waliyaita maisha hayo maisha ya chipukizi la mwanzi, maana chipukizi hilo humenywa ganda baada ya ganda, kama mama anavyovua nguo moja baada ya nyingine kulisha watoto. Mwaka 1947 hakimu mmoja wa Tokyo, Yamaguchi Yoshitada, aliyekuwa akihukumu kesi za magendo ya chakula, alikataa kula chakula cha magendo akaishi kwa mgao wa serikali peke yake, na sehemu kubwa akiwaachia watoto wake. Alikufa kwa utapiamlo. Waliokuwa na nyumba miaka ya 1980, waliopanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la ushirika huku vitu vikipatikana kwa mlango wa nyuma, watamwelewa hakimu huyo, na watamwelewa zaidi mkewe.

Lakini Japani walioitawala waliona kwamba watu wenye njaa hawatawaliki, wakaleta nafaka kwa meli. Makanisa ya Marekani na mashirika mengine yaliungana kupeleka maziwa ya unga, nguo na hata mbuzi wa maziwa kwa ajili ya watoto. Na Aprili 1946, wakati wangali na njaa, wanawake wa Japani walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza na wanawake 39 wakachaguliwa. Tanganyika ya 1919 haikuwa na kamera za magazeti ya dunia, na hakuna aliyeogopa kwamba watu wake wangegeukia upande mwingine. Nadhani tofauti kubwa ilikuwa hapo. Huruma ya watawala, mara nyingi, hufuata macho ya watu wanaotazama.

Je, kanisa lilikuwa wapi? Wazungu wake wengi walikuwa wameondolewa, kwa zamu. Vita vilipoanza Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza wa CMS waliokuwa Ugogo, na baadhi ya walimu wao Waafrika walikamatwa kwa kudhaniwa wapelelezi, akiwamo Andrea Mwaka. Waingereza walipotwaa nchi, zamu ikageuka: wamisionari wa Kijerumani walibanwa, na mwaka 1920 wale wa Leipzig, ambao kwa upande huu walikuwa na kazi Iramba, kaskazini ya Unyaturu, walifukuzwa. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika Iramba mwaka 1926. Miaka hiyo yote ya katikati, waumini wachache waliokuwapo walilelewa na walimu wenyeji, kwa mshahara mdogo au bila mshahara. Mwalimu aliyefundisha bure aliishi kwa jembe la mkewe. Andrea Mwaka aliwekewa mikono mwaka 1921, pamoja na Haruni Mbega, wakiwa miongoni mwa wenyeji wa kwanza wa CMS katika nchi hii kupata daraja hiyo, na shule moja ya Dodoma ina jina lake. Wake wa walimu wale hawana shule.

Mvua zilirudi, na mavuno ya 1920 yakawa ya kuridhisha. Serikali mpya ikaanza kuhesabu vibanda kwa ajili ya kodi, na sheria yake ikatoka 1922. Wazazi waliokuwa wameweka watoto rehani walianza safari nyingine, safari hii wakiwa wamebeba nafaka au wakiswaga mbuzi, kwenda kukomboa. Baadhi walifika wakarudi na watoto wao. Baadhi walichelewa, kwa sababu mbuzi wa kutosha hawakupatikana mwaka wa kwanza wala wa pili. Na wako watoto ambao hawakukombolewa kamwe. Walikulia walikokuwa, wakaitwa kwa ukoo wa watu wa huko, wakaolewa huko, wakajifungua watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa ya nyumba iliyowapa nafaka.